Tochi ya Zambarau na Gunia la Mahindi: Mng'aro Unatuambia Nini Kuhusu Sumukuvu

Tochi ndogo yenye mwanga wa zambarau, ile ambayo mawakala wa fedha na wenye maduka huitumia kukagulia noti, si kifaa kigeni tena Dar es Salaam. Kwa kuwa watu wengi wamekwisha kusikia kwamba sumukuvu hung'aa chini ya mwanga wa aina hiyo, ni rahisi mlaji aliyesimama mbele ya gunia la mahindi Tandale, au mbele ya sinia la karanga Tandika, kuamini kwamba akiwa na tochi hiyo ameshika maabara mkononi. Muuzaji naye anaweza kuimulika nafaka yake na kusema: "Tazama mwenyewe mama, hayang'ai, ni mahindi safi." Makala haya yanaeleza kwa nini kauli hiyo haimlindi mlaji, ingawa sayansi iliyo nyuma yake ni ya kweli, na ndiyo hiyo hiyo ambayo maabara huitumia kuamua kama shehena ya nafaka inafaa kuliwa na binadamu.

Mng'aro huu ni kitu gani

Mwanga tunaouona ni sehemu ndogo tu ya miale itokayo juani. Ng'ambo ya rangi ya urujuani iko miale yenye nishati kubwa zaidi ambayo jicho la mwanadamu haliioni, nayo huitwa miale ya urujuanimno. Baadhi ya molekuli zinapopigwa na miale hiyo huimeza. Elektroni zake hupanda ngazi ya juu ya nishati, hukaa huko kwa muda mfupi mno, aghalabu sehemu chache za bilioni za sekunde moja, kisha hushuka na kuirudisha nishati ile ikiwa mwanga. Kabla ya kushuka, molekuli huwa imekwisha kupoteza sehemu ya nishati hiyo kama joto. Ni sawa na mtoto aliyetumwa kupeleka fedha kwa shangazi yake Mbagala akaambiwa nauli ya daladala aitoe humo humo: kinachofika hakiwezi kulingana na kilichotoka. Kwa sababu hiyo miale isiyoonekana huingia, na mwanga wenye nishati pungufu, ambao jicho linauona, hutoka. Huwa wa buluu, wa kijani au wa manjano, kutegemea molekuli iliyoutoa.

Tabia hii wanasayansi huiita floresensi. Hapa tutaiita mng'aro, kwa sharti kwamba msomaji asiichanganye na ule mwanga wa vidude vya watoto na mishale ya saa vinavyoendelea kuwaka gizani hata baada ya taa kuzimwa. Hivyo huhifadhi nishati na kuitoa polepole. Mng'aro tunaouzungumzia hapa hukoma papo hapo tochi inapozimwa.

Nyumbani mwetu umejaa. Taa ndefu za tyubu hufanya kazi kwa njia hii: mvuke wa zebaki ulio ndani hutoa miale ya urujuanimno, na ule ungaunga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza kuwa mwanga wa kawaida. Sabuni nyingi za unga hutiwa kemikali zinazomeza urujuanimno wa jua na kutoa mwanga wa buluu. Hapo shati jeupe huonekana jeupe kuliko lilivyo. (Nguo haikuwa safi zaidi kwa sababu hiyo, lakini macho huridhika, na biashara ya sabuni pia.) Karatasi nyeupe za ofisini hutiwa kemikali za jamaa hiyo hiyo. Hata nge, ukimmulika usiku kwa tochi ya urujuanimno, hung'aa kwa rangi ya kijani ya ajabu.

Noti yenyewe ni mfano mzuri wa kuanzia. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa nyuzi za pamba zisizotiwa kemikali za kung'arisha, hivyo chini ya tochi hubaki na giza huku alama maalumu zilizokusudiwa zikijitokeza. Noti bandia iliyochapishwa kwenye karatasi ya ofisini hung'aa yote kwa buluu. Lakini noti halali iliyosahaulika mfukoni mwa suruali ikafuliwa kwa sabuni ya unga nayo inaweza kung'aa, kwa kuwa imekunywa kemikali za sabuni. Tochi haikusema uongo. Ilisema tu kwamba kipo kitu kinachong'aa. Haikusema kitu hicho ni nini, wala kimefikaje hapo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiini cha jambo lote tunalolieleza, na katika chakula madhara ya kuisahau ni makubwa kuliko kukataliwa noti dukani.

Kutoka kwenye kwinini

Jina la tabia hii lilitolewa mwaka 1852 na mwanafizikia George Gabriel Stokes, aliyekuwa akichunguza maji yaliyoyeyushwa kwinini. Maji hayo hayana rangi, lakini yakiwekwa kwenye miale ya urujuanimno hutoa mwanga wa buluu. Stokes ndiye aliyeonyesha kwamba mwanga unaotoka una nishati ndogo kuliko ule ulioingia. Kwa hiyo dawa chungu ambayo wazee wetu waliimeza kwa homa za malaria ndiyo iliyofungua mlango wa elimu hii.

Malaria iliirudia elimu hiyo tena karibu karne moja baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya nchi za Magharibi yalikosa kwinini na yakategemea dawa nyingine iitwayo mepakrini, ambayo kipimo chake sahihi hakikuwa kinajulikana vema. Bernard Brodie na Sidney Udenfriend, wakifanya kazi hospitalini New York, walitumia mng'aro wa dawa hiyo kupima ni kiasi gani hasa kilichomo katika damu ya mgonjwa. Matokeo ya vipimo vya namna hiyo yaliwaelekeza madaktari kuanza na kipimo kikubwa siku ya kwanza, kisha kuendelea na vidogo. Mwaka 1955 Robert Bowman, aliyefanya kazi na kundi la watafiti hao hao, alitangaza mashine iliyoweza kuchagua rangi ya mwanga unaoingia na rangi ya mwanga unaotoka, kila moja peke yake. Vizazi vya mashine hiyo vimo katika maabara za kemia duniani kote leo. Kipimo cha kifua kikuu cha GeneXpert, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 na kutumika katika vituo vya afya hapa nchini, nacho husoma mng'aro.

Sababu ya wanakemia kuupenda mng'aro ni rahisi kuielewa. Ukisimama Kunduchi usiku usio na mwezi, taa moja ya mvuvi wa dagaa baharini utaiona mara moja. Lakini mtu akizima taa moja kati ya zote zinazowaka Kariakoo, hutagundua kilichopungua. Njia nyingi za kupima kemikali hufanana na hilo la pili: hutafuta upungufu mdogo ndani ya mwanga mwingi. Mng'aro hufanana na la kwanza, yaani mwanga kidogo ndani ya giza. Kwa hiyo huweza kugundua viasi ambavyo njia nyingine haziwezi kuvifikia.

Herufi B na G katika jina la sumu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa uliokosa jina. Uchunguzi uliwafikisha watafiti kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Walipotenganisha kemikali zilizomo na kuzimulika kwa urujuanimno, sehemu iliyokuwa ikiwaua bata wachanga wa majaribio ndiyo iliyong'aa. Chanzo chake kilikuwa kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo sumu ikaitwa aflatoksini. Ilipobainika kwamba ni jamii ya sumu kadhaa, zilipewa majina kwa rangi zake: zile zilizong'aa kwa buluu zikaitwa B1 na B2, na zile za kijani zikaitwa G1 na G2, kwa herufi za mwanzo za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Ng'ombe akila mashudu au pumba zenye B1, mwili wake huigeuza kuwa M1 na kuitoa katika maziwa. Wafugaji wa mjini, ambao ng'ombe wao hula zaidi pumba kuliko majani, wana sababu ya kulikumbuka hilo.

B1 ndiyo kali kuliko zote. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ini, na hatari huzidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa watoto inahusishwa na udumavu. Mtu anaweza kula kiasi kidogo kwa miaka mingi bila kuhisi chochote. Lakini kiasi kikubwa huua kwa siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Hapa kwetu, kuanzia Juni 2016, ugonjwa ambao mwanzoni haukufahamika ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa walipata manjano, walivimba tumbo na miguu, walitapika. Kati ya wagonjwa 68 waliobainishwa, 20 walifariki. Uchunguzi uliuhusisha ugonjwa huo na mahindi yenye aflatoksini yaliyokuwa yameliwa majumbani.

Mahindi yanayoliwa Temeke na Kinondoni hayalimwi hapa. Huja kutoka mikoa ya bara, hupita mikono mingi, na hukaa katika ghala, malori na vibanda kabla ya kufika mashineni. Hatuwezi kudhani kwamba jambo lililotokea Dodoma ni la Dodoma peke yake. Zaidi ya hayo, joto na unyevu wa pwani ni mazingira ambayo kuvu huyapenda.

Tochi ikielekezwa kwenye mahindi

Sasa turudi sokoni. Kama aflatoksini hung'aa, kwa nini tusiitafute kwa tochi?

Kwanza, kiasi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinaruhusu aflatoksini zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo moja, na B1 peke yake isizidi mikrogramu 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika magunia 1,000 ya kilo 100. Mahindi yaliyozidi kiwango hicho mara tatu au mara kumi bado hayatatoa mng'aro ambao jicho litauona, licha ya ukali wa mng'aro wa aflatoksini yenyewe.

Pili, mahindi yenyewe hung'aa. Katika kuta za seli za punje mna kemikali za asili zinazotoa mwanga wa buluu chini ya urujuanimno, rangi ile ile ya aflatoksini B. Kuitafuta buluu ndani ya buluu ni kazi isiyo na matumaini.

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya hata watu wenye elimu: ule mng'aro mkali wa kijani-manjano unaoonekana wakati mwingine kwenye punje zilizovunjika si wa aflatoksini. Hutokana na asidi ya kojiki, kemikali nyingine inayotolewa na kuvu hiyo hiyo, baada ya kubadilishwa na vimeng'enya vya mmea ulio hai. Wakaguzi wa nafaka wameutumia kwa miaka mingi kama dalili ya kwanza: shehena ikionyesha punje za namna hiyo, hupelekwa maabara. Lakini kuvu inaweza kuwapo bila kutengeneza aflatoksini, na aflatoksini inaweza kuwapo bila mng'aro huo, hasa katika nafaka ya zamani, kwa kuwa mng'aro wa kijani-manjano hufifia. Tena punje lazima zipasuliwe kwanza, maana mara nyingi uozo umo ndani. Njia hiyo ilitokana na uchunguzi wa pamba na mahindi. Anayeihamishia kwenye karanga anakisia tu.

Nne, tochi zenyewe. Taa za maabara hutoa miale ya nanomita 365 kwa usahihi. Tochi nyingi za bei nafuu hutoa miale karibu na nanomita 395, ambayo ndani yake mna mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana. Mwanga huo hufunika mng'aro wowote dhaifu. Si vema pia kuitazama tochi hiyo moja kwa moja wala kumpa mtoto aichezee, kwa kuwa miale yake hudhuru macho.

Kwa hiyo muuzaji anayesema "hayang'ai" huenda anaamini anachosema, na pengine tochi yake ni nzima. Bado hajapima chochote. Kwa maoni yetu, tochi sokoni ina hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu humwondolea mnunuzi shaka ambayo alipaswa kubaki nayo.

Maabara hufanya nini ambacho tochi haifanyi

Kazi huanza kabla ya mashine yoyote. Sumukuvu haienei sawasawa: katika gunia moja, punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na zilizobaki zikawa salama. Ndiyo maana mkaguzi hutoboa magunia mengi kwa bambo, juu, katikati na chini, na huchanganya alichokipata. Sampuli hiyo husagwa yote na kuchanganywa tena kabla ya kupimwa sehemu yake ndogo. Makosa mengi katika upimaji wa sumukuvu hutokea hapa, wala si kwenye mashine. Kiganja kimoja cha mahindi kilichochukuliwa juu ya gunia hakiwezi kusema lolote la maana hata kikipelekwa kwenye maabara bora kuliko zote.

Unga uliopatikana huoshwa kwa mchanganyiko wa methanoli na maji ili kuitoa aflatoksini. Kimiminika kinachopatikana huchujwa, kisha hupitishwa kwenye kijibomba chenye kingamwili zilizotengenezwa kuikamata aflatoksini pekee. Kemikali nyingine, zikiwamo zile za buluu za mahindi yenyewe, hupita na kumwagwa. Aflatoksini iliyokamatwa huoshwa ikatoka, na mashine ya kromatografia huisukuma kwa kani kubwa ndani ya bomba jembamba ambamo B1, B2, G1 na G2 huachana, kila moja ikitoka kwa wakati wake. Hapo ndipo mng'aro unapotumika. Kwa kuwa B1 na G1 hung'aa kwa udhaifu zikiwa ndani ya maji, maabara huzibadilisha kidogo, kwa bromini au kwa kuzipitisha mbele ya taa ya urujuanimno. Kisha hupigwa miale ya nanomita 365 hivi, na kifaa husoma mwanga unaotoka karibu na nanomita 435. Mwanga huo hulinganishwa na ule wa aflatoksini halisi ya kiasi kinachojulikana.

Msomaji ataona kwamba mng'aro huja mwishoni, baada ya kuondoa kila kitu kingine ambacho kingeweza kung'aa. Nguvu ya kipimo imo katika kutenganisha na kulinganisha. Tochi imebeba hatua ya mwisho peke yake. Viko pia vijiti vya kupima haraka, vinavyofanana na vile vya kupimia ujauzito, ambavyo hutumiwa maghalani na viwandani. Hivyo vina manufaa yake vikitumiwa na mtu aliyefunzwa na kwa sampuli iliyochukuliwa ipasavyo.

Uzito wa kipimo cha maabara ulionekana Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ilipoyaruhusu tena, sharti mojawapo lilikuwa shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi kiwango. Mlaji wa Mwananyamala au Mtoni anastahili uangalifu ule ule anaopewa mnunuzi wa nje.

Mlaji afanye nini

Kwa unga uliofungashwa, soma mfuko kabla ya bei. Tafuta jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula, lililokuwa chini ya iliyokuwa TFDA. Alama haimaanishi kwamba mfuko uliouchukua umepimwa. Humaanisha kwamba mzalishaji amekaguliwa, bidhaa zake zimepimwa, na kwamba yuko mtu wa kumwuliza mambo yakiharibika. Unga usio na jina lolote hauna wa kuulizwa.

Unga lishe wa watoto unahitaji tahadhari ya pekee. Mara nyingi huchanganywa mahindi na karanga, vyakula viwili vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu, na mtoto mdogo huunywa uji huo kila siku wakati mwili wake una kilo chache tu. Mzazi anayetengeneza mwenyewe achague karanga moja moja kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zilizopasuka zitupwe, zisitengwe kwa ajili ya kusagwa. Karanga ikisagwa haiwezi kuchaguliwa tena, na ndiyo maana karanga mbovu huishia huko. Ikiwa mtoto amekula karanga chungu, mfundishe kuitema.

Mnunuzi wa mahindi kwa ajili ya mashine naye ayachague. Kuondoa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kisha kuyaosha na kuziondoa zinazoelea, hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa haiimalizi. Baada ya kuosha, yakaushwe vizuri kabla ya kusagwa au kuhifadhiwa.

Unyevu unaweza kukadiriwa nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, nayo hayafai kuhifadhiwa. Kiwango kinataka usizidi asilimia 13.5. Jaribio hili halipimi sumu. Hupima hatari ya kuvu kuota, na kwa kazi hiyo ni la kuaminika kuliko tochi yoyote.

Watu wengi huuliza kuhusu dona na sembe. Sumukuvu nyingi hukaa katika ganda na kiini cha punje, hivyo kukoboa huipunguza, na sembe ya mahindi fulani huwa na sumu kidogo kuliko dona ya mahindi hayo hayo. Lakini dona ina virutubisho ambavyo sembe imevipoteza. Hatushauri mtu aache dona. Tunashauri dona isagwe kutokana na mahindi yaliyochaguliwa, na familia isitegemee mahindi peke yake mwaka mzima. Mihogo, ndizi, viazi na wali vipo. Pumba za mahindi mabovu zisipelekwe kwa kuku wala ng'ombe, maana sumu yake itarudi kwa njia ya mayai na maziwa.

Kupika hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Aflatoksini hustahimili joto la sufuria la ugali na la uji. Kuanika juani mahindi yaliyokwisha kuota ukungu, au kuyapangusa ukungu kwa kitambaa, huondoa kile kinachoonekana tu. Nyumbani, unga uwekwe mahali pakavu, juu ya kichanja au ubao na si juu ya sakafu ya saruji, na ununuliwe wa kutosha wiki chache badala ya miezi, hasa wakati wa masika.

Iwapo watu kadhaa waliokula chakula kimoja watapata manjano ya macho, kuvimba tumbo au miguu, kutapika na kukosa nguvu, wapelekwe kituo cha afya bila kungoja, na daktari aelezwe walikula nini na kilinunuliwa wapi. Chakula kilichobaki kisitupwe wala kisigawiwe kwa mifugo. Kipelekwe pamoja na mfuko wake na risiti kwa afisa afya wa kata au wa manispaa, au katika ofisi za TBS, Ubungo. Nafaka ya sampuli iwekwe katika mfuko wa karatasi au wa kitambaa badala ya plastiki. Unyevu unaofungiwa ndani ya plastiki huifanya kuvu iendelee kuota njiani, na maabara itapima kitu tofauti na kile kilicholiwa.